Mlingoti Mtupu

Mbinga, 16 Februari 2025

Mjomba Alphonce,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Violet hamjambo. Sisi huku ni wazima, mvua inanyesha na mibuni imependeza. Asante kwa kunikaribisha ziwani baada ya mtihani wangu wa kidato cha nne, na kwa dagaa wa usipa. Mama amewagawia majirani hadi tumebaki na mchuzi.

Mjomba, kuna jambo niliona haya kulisema mbele ya wavuvi. Kila alasiri ujumbe wa hali ya hewa huingia kwenye simu yako. Ukionya dhoruba, unapandisha kitambaa chekundu kwenye mlingoti wa ufukweni, wavuvi wakione. Ukiwa mwema, hupandishi kitu. Lakini siku ile kompyuta za kutuma ujumbe zilipoharibika, hakikuja chochote, na mlingoti ulibaki mtupu kama siku njema. Kaka Joakim na wenzake wakaingia ziwani. Dhoruba ikawakuta, wakarudi kwa neema ya Mungu tu. Naomba siku njema upandishe kitambaa cheupe. Mlingoti ukiwa mtupu, maana yake hatujui, na asiende mtu.

Mpwa wako,
Hilaria

Mbamba Bay, 23 Februari 2025

Mpwa wangu Hilaria,

Marahaba. Tuko salama, ila goti langu linanikumbusha umri. Mimi sikukucheka, wamecheka wavuvi. Frederick, mwenye boti anayofanyia kazi Joakim, aliuliza tangu lini wachuma kahawa wanafundisha watu ziwa. Nikamwambia kahawa anayokunywa kila asubuhi hakuivua majini. Mama Violet ametoa kitambaa cha meza cha harusi yetu. Kinapepea vizuri.

Mjomba wako,
Alphonce

Mbinga, 12 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Abiria wa basi wanasema juzi jioni upepo ulivunja boti huko kwenu. Simu zenu hazipatikani. Mama ameshika rozari, hataki kula. Tafadhali, Joakim aliingia ziwani?

Hilaria

Mbamba Bay, 13 Machi 2025

Mwanangu Hilaria,

Mwambie mama yako ale. Joakim yuko hapa anamaliza ugali wangu. Mnara wa simu ndio ulioanguka.

Siku ile ujumbe haukuja, kompyuta zilikwama tena. Sikupandisha kitu. Jua lilikuwa linawaka na maji yametulia kama uji uliopoa. Frederick alinitukana mbele ya watu, akaanza kusukuma boti. Joakim akakaa mchangani.

"Mlingoti mtupu," akasema. "Mimi siendi."

Wenzake nao wakakaa. Kabla ya giza upepo ukashuka. Boti ya Frederick ilivunjikia pale pale ufukweni ilipofungwa, haina mtu ndani.

Hajaomba radhi, hana mazoea hayo. Ila leo amekuja kuniuliza itakuwaje siku nikiugua. Nikamjibu kwamba mlingoti utakuwa mtupu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda, akarudi na gunia la usipa wakavu. Ni wako, dereva wa basi anao.

Asante, mwanangu. Njoo Pasaka. Wavuvi wanataka ukae nao kikaoni. Nimewaambia una haya, wakasema watasubiri mpaka uanze kusema.

Mjomba wako,
Alphonce