Sanduku la Wote

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Limefika! Limeshuka na ndege kutoka Kinshasa, limeviringishiwa blanketi kama mtoto mchanga. Sanduku jeusi, diski nne tumboni, taa za bluu mbele. Maman Delphine, mwenye studio, amelizunguka, kisha akauliza kama linapiga na redio. Nikamweleza kwa sauti ya mwalimu: kila kompyuta inaunganishwa nalo kwa waya, na timu ya ndoa na timu ya matanga zote zinachota video humo humo. Basi! Hakuna tena kuulizana picha za harusi fulani ziko kwa nani. Akataka kujua fundi wa kulifunga atatoka wapi. Nikasema fundi ni mimi.

Nani alinituma? Nimetazama video tatu za mafunzo, na ya tatu nilisinzia.

Jumatano, 3 Septemba

Vita vimeanza. Hapa studio kila mhariri ana diski yake, anatembea nayo, analala nayo. Grâce anaifunga kwenye kitenge. Héritier anaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Ukiwa na picha za harusi mkononi, hakuna anayeweza kuimaliza filamu bila wewe — hilo kila mtu analijua, na mimi wa kwanza. Diski yangu mwenyewe nimeificha miaka yote, utadhani ni dhahabu. Leo ndiyo nahubiri umoja!

Sébastien, aliyenitangulia hapa kazini, amekataa waziwazi. Jina langu Kadidja yeye hulikata nusu: "Kadi, disque ya mi ni ya mi. Minalala nayo." Nikamwambia mke wake apewe pole. Wakacheka. Lakini Grâce, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, hakucheka, aliuliza: "Yaya, na kama ile sanduku inakufa?"

"Haifi," nikasema.

Maman Delphine akafunga mjadala kwa kutupa mpaka Jumatatu: "Bon. Lundi kila mutu analeta disque yake, tunamwanga yote ndani, c'est fini."

Ijumaa, 5 Septemba

Siku nzima chini ya meza, nafuata nyaya. Nimekuta kandambili moja, haina mwenyewe. Jioni sanduku likawaka, likaniuliza swali kwa Kifaransa kirefu. Ama diski mbili zifanye kazi na mbili zitunze nakala. Ama zote nne ziungane, ghala moja kubwa, nakala hakuna. Chini yake maneno mekundu: diski moja ikiharibika, vyote vinapotea.

Nimeyasoma. Nimeyasoma vizuri sana. Kisha nikachagua kubwa. Maman Delphine alikuwa amesimama nyuma yangu na nilitaka aone namba ndefu. Akaiona. "Eh, Nzambe!" akasema, akamwita Mungu. Nikajisikia injinia.

Jumatatu, 8 Septemba

Diski zote zimeletwa. Nimetoa hotuba — ndiyo, hotuba, nimesimama kabisa — kwamba kuanzia leo sisi ni chungu kimoja. Nikahamisha kila kitu kwenye sanduku, kisha nikazifuta diski zao mbele ya macho yao, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyelalamika! Hata Sébastien alinipa yake bila neno. Nikadhani ni heshima. Yangu nimeifuta mwisho, kwa madaha.

Kwenye yangu kulikuwa na siku ya mahari ya mdogo wangu Fatouma, mwezi wa sita. Siku ile papa, baba yetu, alisimama akasema juu yangu mbele ya watu. Papa Waziri! Fundi cherehani ambaye toka mama afariki sentensi yake ndefu kwangu ni "mkasi uko wapi". Na mimi sikusikia. Nilikuwa uani napigana na jenereta, kamera nimeiacha peke yake kwenye miguu yake mitatu. Niliporudi, mikono imejaa mafuta, nikakuta shangazi zangu wanajifuta macho na wote wananitazama mimi. Papa amekusifu, walisema. Basi.

Video ile sijaitazama mpaka leo. Huwa najiambia nangoja saa tulivu. Uongo mtupu. Naogopa kusifiwa kuliko sindano.

Kisha mwezi wa saba papa akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia umelala. Maneno yanatoka moja moja, mengine hayatoki kabisa. Kwa hiyo sauti yake nzima iko mule tu. Fatouma naye anahamia Kindu na mumewe mwisho wa mwezi huu, anataka aende na filamu yake. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, sasa iko mahali salama.

Alhamisi, 11 Septemba

Linafanya kazi! Grâce anakata picha za matanga ya mzee mmoja wa Mangobo, Héritier anasafisha sauti ya matanga yale yale, saa ile ile, na hakuna aliyeinuka kitini. Maman Delphine ameita majirani waje kuona. Waje kuona nini? Watu wawili wamekaa kimya.

Nimelihamishia mapokezi ili wateja walione. Mama mmoja ameuliza kama tunapiga fotokopi. Lakini vumbi la barabarani! Na sanduku lilikuwa linakaa uchi. Nyumbani kwa papa televisheni ina kitambaa, redio yake ina kitambaa, friji ina viwili. Nimelivika kile cheupe cha maua alichofuma shangazi. Kimeshuka vizuri pande zote mpaka mezani. Sasa lina heshima.

Jumanne, 16 Septemba

Joto. Mawingu yanakuja, yanatusalimia, yanaondoka. Sanduku nalo limeanza kulia: pii, pii, pii. Héritier akaja juu, mlio unaingia katikati ya nyimbo za matanga anazosikiliza. Akatia mkono chini ya kitambaa. "Chef, iko na moto sana, sawa sufuria." Nikamjibu kwamba kitu kinachofanya kazi hupata moto, na yeye pia angepata kama angefanya kazi. Chumba kizima kikacheka. Nimecheka kuliko wote.

Nikatafuta, nikakuta mahali pa kunyamazisha mlio. Nimebonyeza. Kimya. Fundi kamili!

Jumatatu, 22 Septemba

Limekufa.

Asubuhi taa moja nyekundu, na tumboni tak, tak, tak. Kwenye kompyuta zote ghala letu halipo. Nimezima, nimewasha. Nimezima tena, nikasoma dua, nikawasha. Tak, tak. Nilipovua kitambaa kilikuwa na moto kama shati linalotoka chini ya pasi, na ndipo nikaelewa. Mtoto wa fundi cherehani, nimekulia pembeni ya pasi ya makaa, nimekaba mashine pumzi kwa maua ya shangazi! Yenyewe ililia kuniomba msaada. Nikaiziba mdomo.

Wateja wangapi wanangoja filamu zao, sijui, na nitasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: sikuwawaza. Nilimwaza papa tu. Nimelia chooni, nikatoka nikasema ni vumbi.

Jumanne, 23 Septemba

Mkutano. Nimevaa gauni langu zuri, maana nikifukuzwa nifukuzwe nikiwa nadhifu. Nikawaambia yote. Namba ndefu, kitambaa, mlio. Harusi zao na matanga yao, vyote vimekwenda, na aliyewafutia diski ni mimi.

Grâce akakohoa.

"Yaya, usikasirike. Mi nilibakisha copie kidogo."

Kidogo! Yote. Iko nyumbani kwake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Héritier akajikuna kichwa: yake iko juu ya kabati la mama yake tangu siku ile ya hotuba, alinakili usiku wa kuamkia, na kila kazi mpya ameiongeza. Sébastien hata hakuona haya, alitoa nakala yake mfukoni pale pale akaiweka mezani. Nikamgeukia Maman Delphine, angalau yeye, yeye aliyetoa amri. Anatazama kucha zake.

"Mi pia, niliweka copie ya ba-clients yangu kwa nyumba. Donc weye, Kadidja, hauna?"

"Sina."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, maman."

Studio nzima imepona. Hakuna mteja atakayejua. Katika watu wote wa studio hii aliyenitii ni mmoja tu, naye ni mimi! Wakacheka, nikacheka nao, mbavu zikaniuma. Halafu Grâce akakumbuka kwenye diski yangu kulikuwa na nini. Nikaona kicheko kinamtoka usoni. Akamgusa Héritier, naye akanyamaza. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze — afadhali wangeendelea kucheka.

Nilimngoja Sébastien aseme "nilikuambia". Badala yake amelibeba sanduku kifuani mpaka mezani kwake, akaliwekea feni. Anasema diski iliyoharibika ikipoa huwa inaamka kidogo, anaweza kujaribu kunyonya kilichomo kidogo kidogo kabla haijalala tena. "Sitakudanganya, Kadi. Inaweza kukataa."

Jumatano, 24 Septemba

Kadi ya kamera? Nilishaifuta, nikapigia harusi nyingine. Simu za wageni? Fatouma amezunguka ukoo mzima. Tonton Aboubakar, mjomba wetu, alipiga video siku ile, ndiyo: inaanza na dari, inakwenda kwenye sahani ya nyama ya mbuzi, inakaa hapo. Sauti ya mtu anatafuna. Nyuma kabisa kama kuna mwanaume anaongea, labda papa, labda redio ya jirani.

Basi nikauliza watu: papa alisema nini? Fatouma anasema alisema nilimlea yeye kama mama. Tonton anasema papa alinishukuru kwa kuwa wali ulitosha. Mke wa tonton anasema aliomba na mimi nipate bwana. Huyo wa mwisho namwamini nusu.

Fatouma amekuja kwangu, akaketi kitandani akalia. Anasema kila siku papa ananyoosha mkono ule mzima kwenye televisheni, anauliza filamu. Anataka kujiona akisema. "Yaya, weye mwenyewe utamwambia. Mi siwezi." Sikujua kwamba anaingoja. Nilidhani ni mimi tu ninayeihitaji. Mjinga mimi.

Sébastien ametuma ujumbe: imeamka, imelala.

Alhamisi, 25 Septemba

Niko kwa papa, Kabondo. Naandika hapa hapa mkekani, miguuni pake. Anadhani naandika saa za dawa.

Nimekuja na toleka, baiskeli ya kukodi, na huko nyuma nafanya mazoezi ya kuungama, mpaka kijana wa toleka akaniuliza naongea na nani. Nimebeba lituma laini, zile ndizi za kutwangwa, na samaki — rushwa. Papa amekula kwanza. Hajawahi kuacha habari mbaya imharibie chakula.

Nikamwambia. Kwamba sauti yake imepotea. Kwamba si umeme, si mwizi, ni mimi. Nikaeleza na kitambaa.

"Ki… tambaa?"

"Ndiyo, papa. Kile cha shangazi."

Akacheka! Nusu ya mdomo ilicheka, nusu ikakaa, bega likatikisika mpaka chozi likamtoka. Nikacheka na mimi. Kisha chozi likaendelea na kicheko kikaisha, na sikujua nitazame wapi. Nikaanza kukusanya sahani.

"Acha. Mama. Kaa."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikakaa. Akafunga macho muda mrefu, nikadhani amelala. Kumbe anatafuta maneno.

"Ile… siku."

Nikaelewa. Anataka kuyasema tena! Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye simu, nikafungua kamera, nikatafuta mwanga — nikamwambia papa ageuke kidogo dirishani. Ndiyo. Nilimwambia hivyo mgonjwa. Akaishusha simu kwa mkono wake mzima.

"Weka… ile. Sikia… na masikio."

Nimeiweka.

Na amesema. Kila neno analipigania, jasho linamtoka juu ya mdomo. Nayaandika kama yalivyo kabla sijayasahau: "Nilisema… Fatouma anaenda… kwa bwana yake. Batu bote… banalia juu ya Fatouma. Mi… mi minalia… juu ya…"

Hapo amechoka. Ameinua kidole: ngoja. Nimemfuta jasho, nimempa maji. Nusu yameshuka kwenye shati. Anapumua. Ninaandika haraka.

Simu inaita mkekani. Sébastien. Hapigi simu yule, huandika tu. Ama amefanikiwa, ama diski imekufa moja kwa moja. Imekatika. Inaita tena. Nimeigeuza kifudifudi.

Papa amefungua macho. Anameza mate. Naacha kuandika