Klaudia, Uliyejibu "Bado"

Mwaka mmoja umetimia sasa, Klaudia, tangu asubuhi ile tulipokukuta umelala na hukuamka, chungu cha kahawa kikiwa juu ya mafiga, maji ndani yake, na moto haujawashwa. Mwaka mzima hatujaisikia sauti yako kwenye mpaka wa chini wa kibanja, shamba letu la migomba, ikiita, "Georgina, mmeamka huko?"

Tumeamka, munywani wangu, ndugu yangu. Ila siku zinaamka bila wewe.

Nasema na wewe, lakini najua na wengine watasoma, na wengi wao hawajui jambo hili letu sisi wawili lilivyoanza. Wewe mwenyewe hukupenda kulieleza. Ukiulizwa ulikuwa unacheka na kumpa mtu kahawa ya kutafuna, ukijua mdomo wenye kahawa hauulizi sana. Leo nilieleze mimi.

Tulikuwa wake wawili wa Mwijage hapa Kagondo. Ilikuwa miaka si mingi baada ya Wadachi kuondoka na Waingereza kukaa mahali pao. Wewe ulikuwa wa kwanza, siku hizo ukiitwa Kokubelwa. Mimi niliolewa kutoka Muleba ningali msichana, na wewe ndiye uliyenitandikia nyasi mpya sakafuni siku niliyoingia. Watoto wako wawili walikuwa wamekwisha kutangulia, wachanga wote. Wangu walikuwa Benigna, aliyekuwa anaanza kukimbia, na Aristides, aliyekuwa ananyonya.

Dini uliianza wewe katika nyumba ile. Ukitoka kulima ulikwenda kwenye mafundisho ya katekista Datius, ukarudi ukanirudishia mimi yote tukimenya ndizi. Amri za Mungu nilizishika hivyo, amri moja, ndizi moja. Nikikosea, uliongeza ndizi, na siku zile za mwanzo nyumba ilikula sana. Mwijage alikaa upande wa pili kama mtu asiyesikiliza, mpaka siku moja nikasahau amri ya saba, na yeye akaitaja kutoka gizani.

Basi naye akaandikishwa kwenye mafundisho. Ndipo Padre alipotuita wote watatu barazani kwake.

Padre yule alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Alisema lililokuwa sheria: mume mmoja, mke mmoja, na mke ni yule wa kwanza. Wa pili arudi kwao. Mwijage akauliza habari ya watoto, na wazee wa ukoo waliokuwapo wakajibu kabla ya Padre, kwamba mtoto ni wa baba yake, hatoki kwenye kibanja cha baba yake. Sheria mbili, ya kanisa na ya ukoo, zilikutana juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimepiga magoti, nimempakata Aristides. Ningesema nini, na kwa nani?

Padre akakugeukia wewe, akauliza, "Kokubelwa, wataka kubatizwa?"

Datius alikuwa ameanza kutabasamu, maana hakuwa na mwanafunzi aliyekushinda. Watu wote pale walijua jinsi ulivyoutamani ubatizo. Ulikuwa umekwisha kulichagua hata jina.

Hukumtazama Padre. Ulimtazama mtoto anayenyonya. Ukajibu, "Bado."

Padre alidhani hukusikia. Akauliza tena polepole, kwa Kihaya, kama mtu anayemwuliza mtoto mdogo.

"Nimesikia, waitu," ukasema kwa heshima. "Bado. Mbatize kwanza huyu anayenyonyesha."

Padre alikaa chini. Akakueleza vizuri, bila hasira, kwamba mke wa kwanza akikataa ubatizo na kumwacha huru mumewe, hapo mume aweza kuoa kanisani yule atakayebatizwa naye, na jambo hilo halirudi nyuma. Hutakuwa mke tena. Utatoka katika nyumba. Na maji ya ubatizo hutayapata kesho wala keshokutwa. Utangoja, mpaka watu wote waone kwamba umetoka kweli.

Wewe uliuliza swali moja tu. Uliuliza kama Mungu atakusikia ukisali hali hujabatizwa.

Padre akasema, "Atakusikia."

"Basi inatosha," ukasema, ukasimama, ukakung'uta vumbi kwenye magoti.

Mimi nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, ya mapadre na hata ya Askofu. Sijasikia jingine kama lile. Mtu anayetaka kuingia mlangoni kuliko wote, akasogea pembeni ili mwingine apite na mtoto wake.

Mimi na Mwijage tulibatizwa, tukafunga ndoa kanisani, na kaka yako Lameki alikujengea nyumba ndogo kwenye kibanja chake kinachopakana na chetu upande wa chini. Watu walisema utakaa wiki mbili, kisha utaanza kugombana, maana moyo wa mwanamke si jiwe. Wiki mbili zilipita. Asubuhi nikakukuta kwenye migomba yetu ukikata majani makavu na kuyatandaza chini ya mashina, kama ulivyofanya siku zote. Nikakuambia, dada, hii kazi si yako tena. Ukasema migomba haijaambiwa.

Ila kizingiti hukukivuka. Mwijage akiwapo au asiwepo, hukuingia katika nyumba ile. Ulisimama uani, ukaniita, ukampokea Aristides mikononi, ukaimba naye ukizunguka migombani ili mimi nipate kulima. Mvua ikinyesha ulisimama chini ya ncha ya paa. Nilikukaribisha mara ngapi? Ulisema umemwahidi Padre, na Padre hayupo hapa kuona, kwa hiyo lazima uone wewe mwenyewe.

Kwenye chemchemi wanawake walikupa jina. Wakakuita Mama Bado. Siku moja mmoja wao, mwenye ulimi, akataka kuwachekesha wenzake.

"Mama Bado, umebatizwa?"

"Bado."

"Na mume mwingine, umempata?"

"Bado."

"Sasa utakufa lini, upumzike?"

"Hilo nalo bado," ukasema, "na wewe unanizibia maji."

Walicheka hata mtungi mmoja ukavunjika, na mwenye kuvunjikiwa ni yule yule aliyeuliza. Ukamsaidia kubeba maji kwa mtungi wako. Baada ya siku ile jina lilibaki, lakini halikuuma tena.

Kazi yako ilikuwa kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni. Uliichuma haijaiva sana, ukaichemsha na majani yenye harufu, ukaianika juani, ukaigeuza kwa mkono punje kwa punje. Vifurushi vyako vilivyofungwa kwa majani ya migomba vilifika mpaka mjini, Hamugembe na Miembeni, na kwa kukuamini hakuna mnunuzi aliyevifungua kuangalia ndani. Ulikuwa ukisema mgeni atakayetafuna kahawa hii humjui, kwa hiyo mchagulie kama unayemjua. Ukimaliza kuchagua, zile ndogo zilizobaki ulikula wewe.

Siku moja tukiwa tumekaa kwenye mkeka wa kahawa nilikuambia jambo lililokuwa linanisumbua. Nilikuambia sijui nikuite nani. Mke mwenza si wewe tena. Dada yangu wa tumbo moja si wewe. Watoto wakiniuliza, niwaambie wewe ni nani wetu?

Ulichukua kahawa moja kutoka kwenye mkeka, ukaipasua kwa meno. Wasomaji wa mbali wajue kwamba ndani ya ganda moja la kahawa mna punje mbili, zimelaliana uso kwa uso. Na wajue kwamba wazee wetu wakitaka kufanya undugu, ule tunaouita omukago, wanaume wawili waligawana punje hizo, kila mmoja akaipaka yake damu ya mwilini mwake, mwenzake akaila. Tangu hapo kila mmoja akawa munywani wa mwenzake, na hawezi kumnyima kitu hadi kifo. Jambo lile lilikuwa la wanaume, na Kanisa lilikuwa limelikataza.

Uliniwekea punje moja kiganjani, ya pili ukabaki nayo. Nikaogopa. Nikakuambia sisi ni wanawake, na damu imekatazwa.

Ukasema, "Damu ya nini? Damu ilikwisha kutolewa na Mwingine. Wewe tafuna."

Tukatafuna. Wewe hukuwa umebatizwa na mimi nilikuwa nimebatizwa, na bado wewe ndiye uliyenionyesha msalaba ni kitu gani, tumekaa chini, mikono ina rangi ya kahawa.

Mwijage alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mvua za masika zilikuwa zimekolea. Padre wa zamani alikuwa amekwisha kuhamishwa. Alikuja mpya kumpa mpako wa mwisho, na Datius ndiye aliyemwongoza. Ndani tulijaa jamaa, tunalia, hakuna aliyeweza kuongoza sala. Sauti ikatoka nje. Ulikuwa umepiga magoti chini ya ncha ya paa, maji yakikudondokea mgongoni, ukiongoza Baba Yetu na Salamu Maria kwa sauti ya kutosha kufika kitandani. Sisi ndani tuliitikia. Mwijage naye aliitikia, na kuitikia kule kulikuwa maneno yake ya mwisho.

Padre alipotoka alisimama mbele yako, akauliza huyu ni nani, na kwa nini yuko mvuani. Datius akamweleza yote kutoka mwanzo. Alichukua muda. Padre yule alikuwa kijana, alisikiliza kofia ikiwa mkononi, mvua ikimnyeshea, asikumbuke kuivaa. Halafu akachuchumaa mbele yako, akauliza lile swali la zamani, kama unataka kubatizwa.

Ukasema, "Sasa."

Tulikwenda wote wawili Miembeni kununua nguo nyeupe dukani kwa Madhuben. Alikujua kwa kahawa yako, maana mumewe Kanubhai aliwapa wateja wake. Akatandaza kitambaa, akauliza harusi ya nani. Ukasema ni ya kwako. Madhuben akatazama mvi zako, akanitazama mimi, akaona hatucheki. Hakuuliza la pili. Alipima, kisha akasogeza mkono mbele kidogo kabla ya kukata, akasema bibi harusi asibanwe.

Nani awe mama yako wa ubatizo? Ulinitaja mimi. Nikasema haiwezekani, mimi niliyefundishwa na wewe juu ya maganda ya ndizi. Ukasema ndiyo maana. Basi nikakushika bega mbele ya Kanisa lote, Kokubelwa akawa Klaudia. Tulipofika nyumbani ukapiga magoti uani, wewe mkubwa kwangu, ukanisalimu kwa heshima zote kama mtoto anavyomsalimu mama yake aliyerudi safarini. Nikakuambia inuka, watu wanaona. Ukasema, "Mama, mbona hukuniletea zawadi?" Ulinitania hivyo mpaka uzee wetu. Siku ile ndiyo uliyovuka kizingiti, nami nilikuwa nimekutandikia nyasi mpya.

Wajukuu walikuta mambo yako yote yamekwisha kuwa ya kawaida. Waliona bibi anayemsalimu kwanza mtu aliyemkasirikia. Waliona bibi anayekata nyasi huko rweya, kwenye mbuga ya wazi, na kwenda kuzitandika katika nyumba yenye msiba bila kuitwa, akatoka kabla ya kushukuriwa. Hawakujua kwamba mambo hayo yana jina kubwa. Na wewe hukuwaambia.

Mwaka jana ulipofariki, wazee wa ukoo wetu walikaa. Hawakukuchukia. Walitafuta tu utaratibu. Walisema mwanamke huyu si mke wa hapa, alitoka zamani, na hakuzaa mtoto aliye hai. Alale kwa Lameki, ng'ambo ya mpaka. Ni mwendo mfupi, mtu aweza kutupa jiwe. Lakini kwetu mahali pa kaburi ndipo pasemapo mtu alikuwa wa nani. Mimi nilikaa na wanawake, nikasikia, kama siku ile barazani.

Aristides akasimama. Mzee mmoja akamwuliza, kwa upole, "Kijana, huyu marehemu ni nani kwako?"

Mwanangu si msemaji. Aligeuka, akanitazama kule nilikokaa. Kisha akasema, "Ni mtu aliyenipa mama."

Yule mzee aliinuka mwenyewe, akaomba jembe.

Umelala kwenye kibanja chetu, Klaudia, upande wa kahawa. Majani makavu tunayatandaza kama ulivyotufundisha. Chungu chako ninacho, na msimu huu nilichemsha mimi. Haikuwa kama yako. Nitajaribu tena.

Tunaokukumbuka ni mimi Georgina, munywani wako na, kama ulivyopenda kusema, mama yako. Aristides na mkewe. Benigna na mumewe. Kaka yako Lameki, ambaye bado anaamka mapema akidhani amekusikia. Katekista Datius, sasa mzee. Wajukuu wako wote wa Kagondo na Hamugembe. Na wote waliopokewa ugenini kwa kahawa ya mkono wako.

Misa itasomwa Kagondo. Atakayekuja atakuta nyasi mpya na kahawa.

Na kama miaka itapita na mtu akatuuliza kama tumekwisha kukusahau, jibu tunalo, ulituachia wewe mwenyewe.

Bado.