Mpini Uliobaki Nusu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Upanga mpya umefika mezani kwangu. Mfupi, wa Kijapani, wa kutundika ukutani. Évariste, Mkongo wetu wa Bukavu, ameufua wiki nzima. Mimi ni wa mpini: kwanza ngozi ya taa, yule samaki, halafu kamba ya hariri nyeusi juu yake, inapishana kushoto kulia mpaka mwisho. Kwetu Tanga mkia wa taa ni wa kuchapia watu. Hapa Fordsburg, huku kwa Wazulu, ngozi yake wanaifuata matajiri. Haya.

Zamani kamba niliikaza kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Sasa hakipo, wala jirani yake. Nakaza kwa meno. Hariri ina ladha ya gundi.

Bosi Fahad kapita, kasema kazi njema, Khatibu. Nikatikisa kichwa tu. Tangu Januari ni hivyo. Yeye ndiye aliyeng'oa kikinga cha mashine ya kusaga, eti kinachelewesha kazi. Mashine ikavuta glavu, glavu ikavuta vidole. Hilo ningelimeza. Ajali. Lakini hospitali! Pale dirishani nesi alimuuliza, huyu ni nani wako? Fahad, Mzanzibari, mtu niliyefuturu naye sahani moja, akasema: simjui. Nimemwokota kwenye robot, taa za barabarani, kule Marshalltown. Akaenda zake. Mimi niko kwenye benchi na taulo la damu, namsikia.

Sina vibali, najua. Aliogopa. Aogope tu. Niliapa siku ile nitamlipa, ila sijaona njia.

Jumatano, 7 Mei

Mwenye upanga kaja kuuangalia. Mzee wa Kizungu wa Sandton, mtaa wa matajiri, nyumbani kwake ukuta mzima ni panga. Anapenda cha mikono, si cha kiwandani, na kila upanga anaonunua anapiga picha mikono iliyoutengeneza, anaitundika chini yake. Fahad kanisukuma mbele. Mzee kaona vidole. Kauliza imekuwaje?

Fahad kajibu haraka kama mtoto aliyekariri: mamba! Mamba wa huko kwao Tanzania!

Mzee kacheka, kanipiga bega, kasema mamba huyo mjinga, kaacha vidole vinavyojua kazi. Wote wakacheka. Picha ikapigwa. Basi mikono yangu itatundikwa Sandton pamoja na uongo wa Fahad.

Jioni Évariste kaniambia, weye Mamba, leta nyundo. Nilimtukana mpaka nikaishiwa matusi. Kanywea. Kisha kasema pole kaka, lakini mamba tunamujua, iko anatembeza Toyota mweupe na anatulipa mushahara.

Nikacheka bila kutaka.

Ijumaa, 9 Mei

Leo! Leo nimeiona njia.

Baada ya sala Fahad katukusanya karakana. Kavaa kanzu mpya. Kasema Mungu amemwita, anakwenda kuhiji na mama yake, ndege ni Jumapili ya wiki ijayo, jioni. Kasema ndugu zangu, mie binadamu, kama nimemkosea mtu anisamehe, nisiende kusimama Arafa na haki ya mtu shingoni. Selemani dereva kalia. Wote wakasema tumekusamehe bosi, utuombee. Hata Évariste, Mkristo, kasema amina.

Mimi nikainamia mpini.

Kanitazama. Khatibu? Nikamwambia nina kamba ya kukaza.

Tiketi kalipa. Ihramu kanunua. Chanjo kachanja. Kimebaki kitu kimoja, na kimo kinywani mwangu, na hakuna duka la Fordsburg linalokiuza. Kwa wengine radhi ni maneno ya kuagana tu. Lakini yeye anajua, na anajua kwamba najua.

Jumatatu, 12 Mei

Fahad kaja na halua. Kavuta stuli, kakaa karibu kama zamani. Yakhe, umenuna nini? Nikamwambia hujui? Kasema lile la hospitali? Ah, Khatibu, ningefanya nini, ningesema wewe mtu wangu tungekamatwa sote! Mbona nilikurudisha kazini? Nani mwingine angekuchukua na mkono huo?

Mkono huo. Kautaja kama mzigo aliobebeshwa.

Nikamwambia sharti langu ni moja. Atamke mbele ya watu: huyu namjua, ni mtu wangu, vidole vyake vimekatikia kwangu, nami nilimkana. Na yule mzee wa Sandton awepo.

Kwanza kacheka. Halafu kicheko kikamkauka. Unataka kunimaliza? Mzee ataukataa upanga, atawaambia wenzake wote. Na wakaguzi wakija, wa kwanza kupandishwa garini ni wewe, si mie.

Kweli. Usiku huu nitalala nikiliwaza hilo. Lakini pale nilimjibu: sina haraka, mwenye ndege ni wewe.

Kaondoka, halua kaiacha. Nimeila yote peke yangu. Tamu.

Jumatano, 14 Mei

Nimesimamisha mpini. Nusu umefungwa, nusu ngozi iko wazi, kamba inaning'inia. Hakuna mwingine wa kuumalizia. Kamba ni moja toka mwanzo hadi mwisho na lazima ivutwe na mkono mmoja. Akiishika mwingine nguvu inabadilika, inalegea yote. Fahad mwenyewe alinifundisha hivyo, miaka ile tulipokuwa watu.

Mzee wa Sandton anaufuata Jumapili saa sita.

Fahad kauliza vipi? Nikasema meno yananiuma.

Évariste anaifurahia vita hii kama mpira. Umukaze, kaka! Umukaze kama kamba! Halafu baadaye, tunafagia, kasema kwa sauti ya chini: mais, lakini, fanya akili. Mutu wa kwenda kwa Mungu, ukimuvuta sana, anaweza kukukatikia mukononi. Nikamwambia na akatike.

Ijumaa, 16 Mei

Bi Zabibu kaja karakana, mama yake Fahad. Kapanda ngazi kwa kushika ukuta. Huyu mama alinipikia uji siku nilizokuwa na homa, mwaka wa kwanza wangu hapa. Kakaa kwenye stuli ya mwanawe, kahema, kasema baba, mie nami nimekukosea?

Nilikurupuka. Hapana mama! Wewe nimekusamehe duniani na ahera.

Kasema na mwanangu je? Ananiambia kuna mtu mmoja bado, hasemi nani, lakini hali wala halali. Nikaona jina lako linamkwama kooni. Kakufanya nini? Mungu mwenyewe haki ya mja haisamehe mpaka mja asamehe. Ikiwa ni kubwa niambie.

Nilikuwa na kila kitu tayari mdomoni. Lakini kaniangalia mkono, kasema na hii ajali ya barabarani nayo imekupata mwaka huu huu, maskini.

Ajali ya barabarani! Mamba kwa Mzungu, gari kwa mama.

Nikamwambia: mama, muulize mwanao mkono huu aliuona wapi mara ya kwanza ukiwa hivi. Sikusema zaidi. Si mwongo mimi, wala si mchongezi. Muulize tu.

Kashuka ngazi pole pole. Nilitamani kumshika mkono, sikumshika.

Jumamosi, 17 Mei

Sikwenda kazini. Nimefua nguo.

Mke wangu Kidawa kapiga simu toka Tanga. Nikamweleza nilivyomshika Fahad. Nilidhani atacheka nami. Kasema mume wangu, msamehe, hutaki kurudi na moyo mweupe? Nikamwambia wewe hukulisikia lile neno. Kasema watoto wanasalimia.

Mchana Évariste kapiga. Mambo ni moto! Bi Zabibu kamuuliza mwanawe, mwana kasema. Sasa mama kaushusha mfuko wake toka garini, kasema hapandi ndege na mtu mwenye deni la damu. Mwaka huu wasipokwenda, na miguu ile, hatakwenda tena. Na Fahad kajaribu kuumalizia mpini mwenyewe! Kamba imelegea yote, inateleza kama ya kiatu.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu chumbani. Kisha nikamkumbuka mama na mfuko wake. Nikaacha.

Jumapili, 18 Mei

Asubuhi. Fahad yuko nje.

Kaja mwenyewe hapa Diepsloot ninapoishi, peke yake, ndani ya Toyota yake, na kanzu ya safari. Mimi nimetia komeo. Namwona kwenye tundu la bati. Alibisha hodi. Kasema Khatibu, mama kakataa kupanda, nakuomba. Nikachukua daftari, afadhali mikono ishike kalamu.

Kasema ulitaka watu. Haya, watu hawa hapa.

Na kaanza! Kwa sauti, kwa Kizulu, kwa sababu uani kwetu wote ni wa Kizulu. Kasema: namfahamu mtu huyu. Ni mfanyakazi wangu. Mashine yangu ilimkata vidole, mimi nilikitoa chuma cha kumkinga, nikamtupa hospitali nikasema simjui.

Neno lenyewe. Lote. Hata kikinga, ambacho sikukidai.

Ningepaswa kufurahi. Lakini chini ya kwapa ana kitu kirefu kwenye taulo, na taulo limeteleza, kamba nyeusi inaburuta vumbini. Upanga! Kaja na upanga. Leo saa sita mzee wa Sandton anaufuata. Basi kafuata nini kwangu, radhi au mpini? Kama ni radhi, angeuacha nyumbani. Au aliogopa kuuacha garini, Diepsloot hii? Sijui. Wallahi sijui.

Wengine nao wameuona. MaNkosi anayeuza magwinya, maandazi ya huku, hapo mlangoni kapiga ukelele: ana kisu! Kamkata Baba vidole, sasa kamfuata nyumbani na kisu! Vijana wametoka kwenye kona. Mmoja kafunga njia kwa gari la takataka la kusukuma. Fahad anasema hapana, ni pambo, ni la ukutani. Anaulaza chini. Hawamsikilizi. Wamemzunguka. Kioo cha gari kimelia.

Sasa kaacha Kizulu. Khatibu! Khatibu bin Mbwana! Fungua uwaambie!

MaNkosi anagonga bati langu, taratibu, kwa heshima. Anauliza: Baba, ni kweli alichosema? Alikukata? Sema wewe. Tumfanye nini?

Wote wananingoja mimi. Komeo liko hapa, nalifikia nikiwa nimekaa.

Nimesema: ngojeni. Nimesema kwa Kizulu, kwa nguvu, wamesikia. Yeye pia kasikia. Naandika pole pole, maana nikiiweka kalamu chini lazima nichague.