Jenerali wa Ukutani

Koboko, Jumamosi

Kutoka hapa mpaka Arua, nguo za askari wa zamani hakuna anayezijua kama mimi. Hata serikali ingeniuliza.

Leo wakwe walikuja kumposa binti wa dada yangu. Nikawaonyesha ukutani ile picha ya kale niliyonunua Arua, askari wa tarbushi, sharubu nene na nyuzi za dhahabu begani. "Huyu ni babu yangu, jenerali."

Mzee wao, askari mstaafu, akasogea. "Mukwe, hii nguo iko ya mupiga tarumbeta."

Dada akafumba macho. Tukionekana waongo, posa imekufa.

"Na jenerali gani anaamka bila tarumbeta?" nikasema.

Wakacheka, posa ikapita. Lakini mzee akaniuliza, "Na wewe, sharubu za babu iko wapi?"

Nikajibu nimenyoa asubuhi.

Wembe wenyewe sijawahi kununua. Sharubu zangu haziotagi.