Kibiti Hawatafuti Pembejeo

Jumatatu, 1 Agosti 2005

Jenereta limegoma tena. Mjomba Seif kalivuta kamba mpaka jasho likamtoka, kalitukana, likawaka. Nimepangusa vumbi kompyuta zote tatu. Benchi la nje limejaa kabla sijafungua mlango. Harufu ya vitumbua vya Bi Mwanahamisi, jirani yangu, mpaka ndani. Siku kama siku nyingine.

Mpaka ilipoingia barua pepe ya Dar. Bwana Fadhili wa mradi, yule aliyetufungia dishi la intaneti juu ya paa la Mjomba mwaka jana. Kila anayetafuta kitu hapa anaandika kwenye kisanduku cha ukurasa wao, nao kule Dar wanaona. Wanataka kukadiria watu wa huku wanatafuta maneno gani na kwa wingi gani. Wana orodha: pembejeo, masoko, lishe, uzazi salama. Vituo vingine vina tarakimu. Kibiti sifuri. Sifuri kwa pembejeo, sifuri kwa masoko, sifuri mpaka mwisho wa orodha.

Anakuja Jumanne ijayo. Kama hali ni hiyo, dishi linahamishwa. Bila dishi hakuna kibanda. Bila kibanda mie narudi Umwe kwa baba, kuamia ndege kwenye mpunga, na mawifi zangu wakiniita msomi kwa kebehi. Nimeachika mara moja, nikanyanyuka. Mara hii sijui.

Sifuri! Na hao wanaojaza benchi ni majini? Nina hasira hata chai haipiti.

Jumanne, 2 Agosti

Leo sikukaa mezani kwangu. Nimesimama nyuma ya watu, nachungulia wanachoandika. Tabia mbaya, najua.

Kha! Kumbe.

Baba mmoja wa Mchukwi, kidole kimoja, herufi moja moja: "Asalaam aleikum. Habari za kazi. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mkulima, nina shida ndogo." Akatulia. Akangoja ajibiwe salamu kwanza ndiyo aseme shida. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Bi Mwanahamisi akaniuliza nimepatwa na nini.

Lakini nilipokaa nikafikiri: angeanzaje? Nani Kibiti anaingia nyumba ya mtu akasema "Pembejeo!" akanyoosha mkono? Hata mwendawazimu anabisha hodi.

Alasiri nimegundua kitu kingine. Ukigusa herufi moja kwenye kisanduku, kompyuta inateremsha yote yaliyowahi kuandikwa yakianza na herufi ile. Nimegusa N. Naomba, naomba, naomba, naomba kuuliza, naomba msaada, naomba radhi. Nimegusa S. Samahani na shikamoo mpaka chini ya kioo. Nimegusa P. Hakuna hata pembejeo moja.

Watu wanatafuta. Wanatafuta sana! Dar wanahesabu maneno ya kwao tu.

Jumatano, 3 Agosti

Gulio. Watu kama siafu. Sijala mchana, wala sikuhisi njaa.

Nimeondoa salamu na radhi zote nikaangalia kinachobaki. Hakuna anayesema pembejeo. Wanasema salfa, ya kupulizia mikorosho. Hakuna anayesema masoko. Wanasema bei ya korosho, bei ya ufuta, bei ya kaa. Lishe? Wapi! Wanaandika "mtoto anakataa kula". Uzazi salama ndiyo kabisa. Kina mama wanaandika "kuna mtu kaniuliza", kisha wanaangalia mlangoni, kisha ndiyo wanaandika kilichomleta huyo mtu.

Vitu ni vilevile vya Dar! Majina tu ndiyo ya watu.

Moyo unanidunda kama nimekunywa kahawa chungu. Sijawahi kuipenda kazi hii kama leo.

Alhamisi, 4 Agosti

Leo benchi tupu. Limekaliwa na kuku wa Mjomba. Jana ningechukua siku ile ya gulio nikaizidisha kwa mwezi mzima, leo ningekuwa mwongo. Kumbe kukadiria si kuzidisha. Lazima ujue siku ya gulio ni ipi na siku ya kuku ni ipi.

Halafu salfa. Inatafutwa sasa kwa sababu mikorosho inatoa maua. Ikifika Desemba nani ataikumbuka? Halafu yule baba wa Mchukwi. Jana kaulizia salfa asubuhi, kaulizia adhuhuri, kaulizia tena kabla ya gari kuondoka. Huyo ni mtu mmoja mwenye wasiwasi, si watu watatu. Dar wangemhesabu watatu.

Nimemwandikia Bwana Fadhili yote haya. Barua ndefu, sijui hata kama nimeandika sawasawa, vidole vilikuwa vinakimbia. Kajibu kabla sijafunga! Ati amevutiwa. Ati tuyalinganishe maneno yake na yangu mpaka atakapokuja. Ila nisimfundishe mtu wala nisimsukume. Watu waachwe watafute kama kawaida yao.

Nimeruka kwenye kiti. Mjomba kasema nitavunja kiti.

Ijumaa, 5 Agosti

Furaha haina siri. Nimemsimulia Bi Mwanahamisi mambo yote, yeye anachoma vitumbua, mie nakula. Nimemtajia mpaka maneno ya orodha ya Dar, moja moja, tukayacheka. Akaniuliza: "Kwa hiyo dishi linaondoka kwa kuwa hayo maneno hayatafutwi?" Nikamwambia ndiyo hivyo, bibi yangu. Akageuza kitumbua.

Jioni habari ya msiba. Shangazi yake baba kafariki Umwe. Kesho alfajiri naondoka, Mjomba atabaki kibandani.

Jumapili, 7 Agosti

Nimerudi adhuhuri. Watu wote njiani wananichekea. Hongera Zuhura, hongera mwanetu. Hongera ya nini, nimetoka kuzika?

Ya Rabi.

Jana, mie nikiwa msibani, Bi Mwanahamisi kaita watu kama wanaoitwa kumpalilia mgonjwa shamba lake. Kapita nyumba kwa nyumba. Kaandika PEMBEJEO kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, kakisimamisha juu ya kompyuta, kila mtu kaingia kwa zamu, kanakili herufi, kabonyeza, katoka. Hata wasiojua kusoma, wakifananisha maumbo tu. Wamekuja na kanga za kutokea. Pamepikwa wali! Mjomba Seif ndiye aliyepanga foleni, naye kajisifu mbele yangu kwamba jenereta halikuzima hata mara moja.

Nimelia kwa hasira. Nikamwendea Bi Mwanahamisi nikamfokea barabarani, mbele ya watu, mtu mwenye umri wa mama yangu. Nikamwambia ameniua. Alinitazama tu, mwiko mkononi. "Ulisema hayatafutwi, mwanangu. Tumeyatafuta."

Nikaondoka.

Jumatatu, 8 Agosti

Nanenane. Wakulima wanasherehekea, mie nimefunga mlango.

Bwana Fadhili kaandika. Mistari miwili. Pembejeo imetafutwa Kibiti siku moja kupita vituo vingine vyote kwa mwezi mzima. Alidhani anawasiliana na mtu mkweli. Anakuja kesho na fundi.

Fundi. La kuvunda halina ubani.

Naogopa. Nimekunja nguo zangu nikazikunjua.

Jumanne, 9 Agosti

Usiku umeingia, lakini lazima niandike.

Nimeamka nimekasirika badala ya kuogopa, na hasira ndiyo imenisaidia. Nimekwenda kwenye kompyuta, nikatazama kumbukumbu ya kurasa zilizofunguliwa tangu wiki iliyopita. Nikaona! Wa pembejeo wote waliandika neno, wakabonyeza, wakainuka. Hakuna hata mmoja aliyefungua ukurasa. Hakuna aliyesoma. Lakini wa salfa wanafungua, wanarudi, wanafungua mwingine, wanaandika tena kwa namna nyingine: salfa feki, salfa iliyolowa, salfa ya maji. Anayetafuta kwa shida yake haondoki upesi.

Wamefika saa nne. Fundi kaweka ngazi ukutani bila hata kuuliza choo kiko wapi. Bwana Fadhili uso umekaza. Sikumwomba chochote. Nilimwambia: Ingia, kaa hapa, nikuonyeshe uwongo wa Jumamosi na ukweli wa siku nyingine, kisha fungua dishi lako uende. Sauti yangu ilikuwa juu mno. Mjomba alikohoa.

Kakaa. Nimemfungulia moja baada ya moja. Nikamweleza na kisa cha foleni, cha boksi, cha wali. Alipofika kwenye wali akacheka, akajizuia, akashindwa kujizuia.

Hapo ndipo alipoingia mzee wa Kiongoroni. Mashua mpaka Nyamisati, kisha gari, suruali bado ina tope. Anataka bei ya kaa, maana mnunuzi kule kamwambia bei imeshuka naye hamwamini. Nilitaka kumsaidia. Bwana Fadhili akanizuia kwa mkono. Mzee akavuta kiti, akaiandikia kompyuta salamu yote, na ya watu wa nyumbani, na kwamba yeye ni mgeni wao kutoka Kiongoroni. Akabonyeza. Hakuna kilichopatikana. Mzee akakitazama kioo. "Hawajaamka," akasema, akaanza upya, taratibu, kwa adabu zaidi.

Bwana Fadhili hakucheka. Akasogeza kiti karibu, akamwamkia, akamuuliza anataka nini hasa. Wakakaa pamoja mpaka wakaipata bei. Haijashuka. Mzee alisimama kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe.

Fundi kateremshwa kwenye ngazi. Dishi libaki mpaka Dar waamue. Bwana Fadhili amechukua makadirio yangu yote, ya gulio, ya siku za kawaida, ya msimu wa maua. Na ya Jumamosi pia kayachukua, kasema atawasimulia wenzake wasije wakadanganyika kwingine. Kaniita Dada Zuhura. Mlangoni kaniomba radhi kwa yale maneno ya jana.

Sijui kama inatosha. Lakini nimesema kweli yangu yote, na nimeisema vizuri. Wallahi ningeweza kukimbia mpaka Mchukwi na kurudi.

Jumatatu, 15 Agosti

Kimya. Nafungua barua pepe kila jenereta likiwaka. Bi Mwanahamisi hanisemeshi, nami nastahili. Vitumbua nanunua kwa kumtuma Mjomba.

Ijumaa, 19 Agosti

LIMEBAKI! Dishi limebaki!

Dar wamebadilisha orodha. Salfa imo. Bei ya kaa imo. "Mtoto anakataa kula" imo, vilevile, na kukataa kwake. Tena wanataka kila mwezi niwape makadirio, wakasema niandike kama nilivyoandika, na habari za kuku na kila kitu. Nimepiga vigelegele peke yangu ndani. Mjomba kaingia mbio akidhani nyoka. Nimemkumbatia, hakujua aweke wapi mikono.

Umwe watanisubiri sana.

Jumamosi, 20 Agosti

Asubuhi na mapema nimetoka kwenda kumpigia magoti Bi Mwanahamisi. Sikufika mbali. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, kavaa kanga mpya, mafuta yake yameshapata moto huku nyuma. Nikaanza kuomba radhi. Akanipungia mkono ninyamaze.

Akauliza kama mtu akitaka kutafuta jambo lake mwenyewe anaruhusiwa kukaa peke yake. Nikamwambia anaruhusiwa. Akauliza kama mie nitaona. Nikasema sitaona, bibi yangu. Nikamwingiza kibandani, nikamfungulia ukurasa, nikatoka, nikarudishia mlango.

Nikakaa kwenye kigoda chake, nikachoma vitumbua. Vya kwanza viliungua. Watu wakaja, wakanunua, wakauliza mwenyewe yuko wapi, nikasema ana shughuli kidogo. Alikawia. Unga ulikwisha, nikaosha bakuli, bado yumo ndani.

Alipotoka alikuwa ameushika ushungi wake kidevuni. Akatazama kikaango, akaniambia moto niliuweka mkali mno. Akakaa kando yangu. Nikaupunguza moto.