Nimemfukuza Fundi Wangu Katikati ya Kwaresima

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla hasira hazijanimaliza, mimi nina karakana ya ushonaji yenye mafundi watano, na kanisani ni katibu wa kikundi cha kusaidia wahitaji, kwa hiyo Kwaresima hii sina hata dakika ya kukaa, nafunga, nazunguka mtaa hadi mtaa kuandika majina ya wenye shida, halafu karakanani kuna mama mmoja tunamwita Bibi Pindo, kila asubuhi anawaomba wenzake wamtungie uzi kwenye sindano, nikaona huu uzembe umezidi, nikatangaza kwamba Kwaresima ni wakati wa kujituma, kila mtu atunge uzi wake mwenyewe, basi wiki iliyopita akashona joho la padre la zambarau kwa uzi wa kijani, nikamtolea uvivu mbele ya wateja, nikamwambia achukue mkoba wake aende, juzi ndipo mpiga pasi wangu akaniambia, "Mama, yule haoni vizuri tangu mwaka jana, alikuwa anaogopa utamfukuza," sasa karakana nzima imeninunia, na mimi nauliza, kosa langu liko wapi, kwa nini hakusema? Au nimpelekee mfuko wa unga kimya kimya, yaishe?

Katibu

Dada katibu, umenikera, na sitakuficha. Eti kwa nini hakusema! Alisema kila asubuhi, sindano mkononi, mbele ya meza yako, wewe ukampiga marufuku. Usijitie hamnazo. Unavuka mitaa kutafuta mhitaji wa kuandika kwenye daftari, na mwenye shida amekaa hatua nne kutoka kiti chako, unamwita mzembe. Kufunga gani huko? Unashinda njaa bure.

Najua aibu inauma, na afadhali wewe umeandika. Lakini huo unga uache nyumbani. Unataka kumziba mdomo, na yeye hakukuomba chakula.

Kesho asubuhi nenda kwake. Mwombe radhi, kisha mwongozane hadi kliniki ya macho, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Ulimfukuza mbele ya watu, kwa hiyo radhi hiyo irudie karakanani, wote wasikie. Mpe kazi ya kupokea wateja na kukunja nguo mpaka macho yatibiwe.

Akikataa kurudi kwako, usimbishie wala usinune. Kliniki mpeleke vilevile.