Ramazani Akataa Kupuliza

Yaya Zaina,

Ukoo wote unatangaziwa rasmi kwamba kiatu changu cha kushoto kimezama katika matope ya barabara ya Wamaza. Sehemu zangu nyingine zote zimefika Salamabila.

Muganga wa hapa ana kimashine cha mkononi: unakipulizia, na kikikuta dalili za kifua kikuu katika pumzi kinawasha taa nyekundu. Ndugu yetu Ramazani, pamoja na kile kikohozi chake cha mashimo ya dhahabu, akagoma.

"Kitanusa lotoko ya jana, na mama-mkwe iko hapa nyuma yangu!"

"Kinatafuta ugonjwa, hakitafuti pombe. Sitoki hapa mpaka upulize. Angalia, naanza mimi."

Nikapuliza. Akapuliza naye, akimchungulia mama-mkwe.

Mimi mdogo wako Asani nakukumbuka, hata kelele zako. Ramazani hana kitu. Taa nyekundu iliwaka kwangu. Kesho napimwa makohozi.